Usiingie Ofisini Peke Yako



Hatukuja hapa kuwatetea walevi. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 44, yataja makosa ambayo mtu aweza kufukuzwa mara moja: kukosa kazini bila ruhusa, kulewa hata kazi ikamshinda, kumtukana mkubwa wake, kukataa amri ya haki, kumwibia mwajiri. Sisi watu wa reli twajua mlevi njiani mwa gari ni mauti.

Lakini kushitakiwa si kukosa. Mwenzetu mmoja aliitwa ofisini kwa ajili ya vyuma vilivyopotea usiku. Akawekewa karatasi ya Kiingereza, akaambiwa, "Tia sahihi, mzee, uende nyumbani." Akatia. Kumbe amekiri wizi! Na sisi tulikuwa nje tukinywa chai. Aibu hiyo ni yetu pia.

Kifungu cha 41 chasema mtu asifukuzwe kwa kosa kabla hajaelezwa sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mwenzake wa kazi au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe, na wote wawili wasikilizwe. Hata mlevi ana haki hiyo. Tena mtumishi wa serikali alindwa na Katiba ya 2010, kifungu cha 236: haondolewi wala hashushwi cheo pasipo kufuata sheria.

Basi ukiitwa, sema kwa adabu, "Bwana, namngoja mwakilishi wangu." Karatasi usiyoielewa usiitie sahihi. Tuiteni siku hiyo hiyo, hata usiku.