Ukishuka Melini St. Petersburg
(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama katika mkutano wetu wa mwaka, ukumbi wa chakula)



Kamati iliponiandikia kuniomba nizungumze juu ya safari za melini, nilidhani barua imekosea mtu. Mimi ni mtumishi wa Serikali katika mambo ya kilimo, na safari zangu nyingi ni za Land Rover na vumbi. Lakini Katibu alinikumbusha kwamba mwaka 2016, nilipokuwa Sweden kwa mafunzo ya wiki sita, nilipanda meli kutoka Stockholm kwenda St. Petersburg, mji wa Urusi ambao wazee wetu hapa waliusoma kwenye ramani kwa jina la Leningrad. Tena nimeona tangazo la wakala fulani linalozunguka mikononi mwenu tangu asubuhi, lenye picha ya makuba ya dhahabu, na najua kwamba mfuko wetu wa safari sasa una fedha. Basi nitasema kwa faida ya wenye fedha.

Kabla hamjatoa hata senti moja, dai orodha ya bandari kwa maandishi, pamoja na tarehe. Makampuni makubwa ya Magharibi yenye meli za kitalii yaliufuta mji huu katika ratiba zao mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza. Meli nyingi zinazozunguka Bahari ya Baltiki siku hizi hutia nanga Tallinn, Helsinki na Stockholm, kisha hugeuka. Picha ya makuba katika tangazo si ahadi ya kuyaona. Zipo meli za mtoni zinazokwenda kati ya Moscow na St. Petersburg, lakini hizo ni safari za ndani ya Urusi, na lazima uwe na viza yako kabla hujafika. Na anayekwenda abebe fedha taslimu za kubadilisha, kwa maana kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa na benki za nje ya Urusi hazifanyi kazi huko tangu Machi 2022. Mwanachama atakayesimama kwenye kaunta na kadi yake ya Dar es Salaam atabaki kutazama keki kwa macho.

Wakati ule wetu mambo yalikuwa mengine. Tangu mwaka 2009 abiria wa meli aliruhusiwa kukaa saa 72 bila viza, mradi atembee katika ziara iliyopangwa. Ruhusa hiyo ilifungwa kwenye tiketi ya meli kama mbuzi kwenye kigingi. Meli ikikuacha, huna tena haki ya kuwapo pale, na meli haisubiri mtu. Ndiyo maana nasema jambo la kwanza kwa abiria yeyote, wa wakati ule au wa siku meli zitakaporudi, ni saa.

Hapa sisi watu wa Ikweta tuna udhaifu wetu. Tumezoea kusoma saa kwa jua. Jua likitua ni saa kumi na mbili na ushei, kila mtu anajua wakati wa kurudi nyumbani. Huko mwezi Juni jua hutua baada ya saa nne usiku, na hata likitua anga haiwi nyeusi. Utaona watoto wanacheza nje, wazee wamekaa mabenchini, ukadhani ni alasiri, kumbe ngazi ya meli imekwisha kupandishwa. Katika kundi letu alikuwamo bwana mmoja, abiria kutoka nchi nyingine, aliyeamini jua badala ya mkono wake. Alifika akikimbia, viatu mkononi, na sidhani kama alikumbuka chochote cha mji ule isipokuwa mapigo ya moyo wake. Saa ya St. Petersburg ni ileile ya Moscow, nayo ni sawasawa na ya kwetu Afrika Mashariki. Lakini Stockholm wakati wa kiangazi wako nyuma kwa saa moja. Uliza melini wanafuata saa ya wapi, uiandike. Na ukiwa mjini saa sita kamili za mchana, utasikia mzinga ukipigwa kutoka ngome ya Petro na Paulo. Hupigwa kila siku. Hapo linganisha saa yako.

Karatasi: pasipoti mfukoni, mfuko wenye kifungo. Wakikupa kadi ya uhamiaji yenye vipande viwili, kipande kinachobaki kwako ni mali. Bila hicho kutoka kunachukua muda ambao huna. Viatu viwe vya kutembelea, si vya harusi. Maji ya chupa. Chakula msihofu, na chai kwa Kirusi ni chai, nilitamka kama ninavyotamka nyumbani nikaletewa.

Herufi nazo zisiwatishe. Jioni moja melini inatosha kujifunza zile zinazodanganya macho: P yao ni R yetu, H yao ni N, C ni S, B ni V. Hivyo ukiona ubao umeandikwa PECTOPAH usitafute mtu wa jina hilo. Hapo ni restoran, mkahawa. Ile X ni "kh" ya waalimu wetu wa Kiarabu, ambayo wenzetu wa pwani wataitamka kwa raha kuliko Wazungu wote melini.

Sasa niseme juu ya kutazama, maana hapa ndipo abiria wengi hupoteza siku. Wakala atakupa orodha: jumba la Hermitage, ngome, makanisa matatu, chemchemi za Peterhof, mfereji, duka la zawadi. Yote kwa saa tisa. Hermitage peke yake, iliyoanzishwa na Malkia Katerina mwaka 1764, ina vitu zaidi ya milioni tatu. Mimi nakushauri ukate nusu ya orodha hiyo bila huruma. Chagua vyumba vichache vya Hermitage (na kumbuka Jumatatu hufungwa), halafu nenda ukasimame Uwanja wa Mtakatifu Isaka kwa muda mrefu kuliko kiongozi wa ziara anavyopenda.

Basi litasimama pale hata hivyo. Kanisa lile lilijengwa kuanzia 1818 hadi 1858, kuba lake limepakwa dhahabu zaidi ya kilo 100, na kila abiria hulipiga picha. Ukimaliza picha yako, geuka. Ng'ambo ya uwanja, barabara ya Bolshaya Morskaya, kuna majengo mawili yanayotazamana ambayo kiongozi wetu hakuyataja hata kwa neno moja. Ilibidi niulize. Hiyo ndiyo taasisi ya mbegu inayoitwa kwa jina la Nikolai Vavilov.

Sisi wa kilimo tunamjua. Alizunguka dunia akikusanya mbegu za mazao ya wakulima. Mwaka 1927 alikuwa Ethiopia, jirani zetu, akichukua ngano na shayiri za milimani. Mbegu hizo zikawekwa pale uwanjani. Mwaka 1940 alikamatwa na serikali yake mwenyewe, na Januari 1943 akafa gerezani Saratov, mwili umekwisha kwa njaa. Wakati huohuo mji wake ulikuwa umezingirwa na majeshi ya Wajerumani. Mzingo ule ulianza Septemba 1941 ukaisha Januari 1944, siku 872. Kati ya tarehe 20 Novemba na 25 Desemba 1941, posho ya mkate kwa asiye mfanyakazi wa kiwandani wala askari ilikuwa gramu 125 kwa siku, robo ya nusu kilo, na hata hiyo haikuwa unga mtupu.

Ndugu zangu, ndani ya majengo yale mlikuwa na mchele, ngano, mahindi, karanga. Watumishi waliokuwa wakizitunza walikuwa na njaa kama watu wengine wa mji. Dmitri Ivanov, mtaalamu wa mpunga, alikufa kwa njaa akiwa na maelfu ya pakiti za mpunga katika ulinzi wake. Alexander Shchukin, aliyetunza karanga, alifia mezani pake kazini. Wenzao kadhaa pia walikufa. Mbegu hazikuliwa. Mimi nimekaa katika ofisi za Serikali miaka mingi, nimeona ghala zenye funguo na ghala zisizo na funguo, na nilisimama pale nikiwa nimevua kofia mpaka kiongozi akaja kunishika kiwiko. Wageni hawaingii hivihivi. Nilitazama madirisha tu.

Na uwanja wenyewe mnaopigia picha, mwaka 1942 ulilimwa kabichi, mbele ya kanisa. Kuba nalo lilipakwa rangi ya kijivu lisionekane na ndege za adui.

Mwenye saa mbili za ziada aombe kupelekwa kaskazini mwa mji, makaburi ya Piskaryovskoye, walikozikwa karibu watu nusu milioni wa mzingo ule, katika makaburi ya pamoja. Halimo katika orodha za mawakala wengi, kwa hiyo ulizia mapema, kabla ya kulipa. Anayependa vitabu badala yake atafute nyumba ya Pushkin, Moika namba 12, alimofia mwaka 1837. Baba wa babu yake mzaa mama, Abram Gannibal, alikuwa Mwafrika, aliletwa Urusi mtoto akawa jenerali. Na Waislamu wenzetu wataona msikiti wenye kuba la buluu karibu na ngome, uliofunguliwa 1913. Lakini wajue kwamba Juni Magharibi huadhinishwa wakati sisi huku tumekwisha lala.

Tangazo lile la wakala, Ndugu Mwenyekiti, nimelisoma tena wakati wa chakula. Bandari zilizotajwa upande wa nyuma, kwa herufi ndogo, ni nne, na St. Petersburg haimo. Mweka Hazina anayo nakala yangu niliyoipigia mstari. Naomba asitume malipo ya kwanza kabla wakala hajajibu kwa maandishi.