Picha Moja kwa Siku

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika maneno mawili haya ubaoni: HAMU na MAZOEA. Wanafunzi, yanakilini katika madaftari yenu. Tutayarudia mwisho wa somo.

Wengi wenu husema, "Mwalimu, nataka kusoma, lakini siku nyingine sina hamu. Nikirudi kazini nimechoka, na daftari nalitazama tu." Leo nitakujibuni kwa kukuelezeni yaliyonipata mimi mwenyewe, na vespa yangu, na picha zangu.

Nilikuwa karani mjini Unguja kwa miaka mingi. Nilistaafu mwanzo wa mwaka 2019. Mwezi wa pili baada ya kustaafu, mke wangu alifariki dunia. Tulikuwa tumekaa pamoja miaka 34. Ilipokwisha arubaini watu walirudi makwao, nami nikabaki peke yangu. Asubuhi nilikaa barazani, na jioni nilikaa barazani. Vespa yangu, niliyokuwa nikiendea kazini kila siku, niliiweka chini ya ngazi nikaifunika gunia. Jirani zangu walisema, "Sheikh, toka nje, ukatembee." Nami nilijibu, "Nitatoka nikipata hamu." Miezi minane ilipita. Hamu haikuja.

Siku moja mjukuu wangu alirudi kutoka skuli akaniambia, "Babu, niazime picha ya bibi. Tumeambiwa tuandike habari za mtu wa nyumbani." Nilifungua kabati, nikafungua na sanduku. Nilipata picha mbili tu. Moja ilikuwa ya arusi. Tumevaa nguo nzuri, tumesimama wima kama askari. Ya pili ilikuwa ya kitambulisho. Mtoto alizitazama zote mbili, akasema, "Huyu siye bibi. Bibi alikuwa akicheka."

Nilinyamaza. Mtoto alisema kweli. Kila siku nilimwona mke wangu amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, huku anazungumza na jirani dirishani, na kicheko chake kinasikika mpaka njiani. Hiyo ndiyo iliyokuwa sura yake. Wala sikupata kuipiga picha hata mara moja, kwa sababu nilidhani picha ni jambo la siku kubwa.

Zamani wengi walidhani hivyo. Hapa mjini, Capital Art Studio ilifunguliwa mwaka 1930 na Bwana Ranchhod Oza. Mtu aliyekwenda studio alioga, akavaa kanzu safi au nguo ya sikukuu, akakaa kimya mbele ya kamera. Picha zile ni nzuri, na ni hazina ya mji wetu. Lakini mke wangu akikuna nazi hakuwa na studio. Picha za namna hiyo hupigwa na watu wa nyumbani wenyewe. Huko Marekani, mwaka 1900 kampuni ya Kodak ilianza kuuza kamera ya sanduku, jina lake Brownie, kwa dola 1, ili mtu asiye fundi aweze kupiga picha za watu wake. Siku hizi kamera imo ndani ya simu ya mkononi. Mimi nilikuwa nayo simu hiyo mfukoni, wala sikuitumia.

Kesho yake asubuhi niliondoa gunia. Sikilizeni vizuri hapa: hamu sikuwa nayo bado. Nilikuwa na majuto tu. Nikaikuta vespa mpira umelala na plagi imejaa masizi. Fundi wa mtaani akasafisha plagi, akamwaga petroli iliyokaa sana, tukatia mpya. Vespa yangu ni ya zamani. Hutaka mililita 20 za oili katika kila lita 1 ya petroli. Nikapiga kiki mara tano, ikawaka.

Wengine mtauliza, kwa nini vespa? Chombo hiki kilianza Italia mwaka 1946, baada ya vita kuu. Kampuni ya Piaggio ilikuwa ikitengeneza ndege, na kiwanda chake kilipigwa mabomu. Mhandisi Corradino D'Ascanio, fundi wa ndege ambaye hakupenda pikipiki, aliunda chombo ambacho mashine yake imefunikwa, na mbele ya kiti pana nafasi ya kupitisha miguu. Kwa hiyo hata mtu aliyevaa kanzu hukaa bila ya taabu. Neno vespa kwa Kitaliana maana yake ni nyigu. Kwetu Unguja nyigu huyo hupita popote, na ukiona jambo husimama mara moja.

Basi nilijiwekea sharti. Kila siku nitoke na vespa. Nipige picha moja ya jambo la kawaida. Nikirudi, niandike sentensi moja katika daftari, juu ya picha hiyo. Basi, si zaidi.

Siku ya kwanza nilifika Mnazi Mmoja tu, na katika picha yangu kilionekana kidole changu. Siku ya pili nilimpiga muuza kahawa na birika lake, baada ya kumwomba ruhusa. Siku ya tatu, mikungu ya ndizi Darajani. Siku nyingine nilikwenda njia ya Bububu, nikapiga watu waliojikinga mvua chini ya mwembe. Siku kadha wa kadha nilitoka kwa kujilazimisha. Ilipofika wiki ya nne niliamka alfajiri, nikajikuta nauliza moyoni, "Leo nitapiga nini?" Hapo ndipo nilipojua kuwa hamu imerudi. Nami sikuitafuta; ilinikuta njiani.

Mwaka huo huo, 2020, nilimpiga picha mtu anafagia bustani ya Forodhani, na nyuma yake imesimama Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 zama za Sayyid Barghash. Niliandika, "Mfagiaji ameamka kabla ya mji." Jumba sikulitaja hata kidogo. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa ya jumba lile iliporomoka pamoja na mnara wake, na watu wawili wakapoteza maisha. Nilipoitazama tena picha yangu, nilikumbuka mbuzi ya nazi. Mambo ya kila siku huondoka bila ya kuaga.

Sasa sikilizeni mafunzo machache. Mwalimu asimame baada ya kila moja ili darasa lizungumze.

Kwanza, usipige picha huku unaendesha. Simamisha chombo kando ya njia, uzime, ndipo utoe simu. Na kofia ya kujikinga kichwa usiiache nyumbani.

Pili, mwombe mtu ruhusa kabla ya kumpiga picha. Akikataa, mshukuru, uende zako.

Tatu, jua liwe mgongoni mwako. Asubuhi na alasiri ni bora kuliko adhuhuri, maana jua la utosini hutia giza machoni mwa watu.

Nne, picha uipendayo ichapishe katika karatasi. Simu ikianguka majini, picha nazo huenda.

Sasa turudi ubaoni. Vespa za zamani kama yangu hazina kipimo cha petroli. Mashine ikianza kukohoa njiani, mgeni hudhani safari imekwisha. Mwenyewe hugeuza kiwashio kidogo chini ya kiti, na petroli ya akiba hushuka. Mtu naye ana akiba, lakini haishuki kwa kukaa barazani kuingojea. Mazoea ndiyo hiyo kiwashio. Fanya kidogo leo, na kesho kidogo, hamu itafuata. Wazee wetu walisema, "Mwanzo kokochi, mwisho nazi."

Kwa hiyo, ewe Bibi, ewe Bwana, siku usiyo na hamu ya kusoma, usiseme utasoma ukurasa mzima. Fungua daftari, andika sentensi moja. Kisha ulifunge ukitaka. Huenda usitake kulifunga.

Kazi ya wiki hii ni hii. Mtazame mtu mmoja wa nyumbani kwako akiwa katika kazi yake ya kila siku. Ukiwa na simu, mpige picha kwa ridhaa yake. Usipokuwa nayo, mtazame vizuri tu. Kisha andika sentensi tatu: jina lake, anafanya nini, na kitu gani chake hungependa kukisahau. Mwisho, msomee yeye mwenyewe ulichoandika.

Mimi sikuwahi kumsomea wangu. Nyinyi bado mna nafasi. Kwaherini, mpaka wiki ijayo.