Kwa Nini Aliyekuja Nyuma Yako Ameitwa Kwanza

Leo tuzungumze kuhusu jambo linaloleta ugomvi kwenye mabenchi ya vituo vya afya. Umeamka alfajiri, umechukua namba, umekaa. Saa tatu analetwa mtu kwa pikipiki, anaingizwa moja kwa moja. Watu wanaguna: "Huyo anajuana na nesi."

Upendeleo upo duniani, hatukatai. Lakini hapa mara nyingi kuna utaratibu, na ni vizuri uujue. Mlangoni kuna mhudumu anayechambua wagonjwa kama unavyochambua maharage kabla ya kuyapika. Haulizi nani amefika kwanza. Anatafuta nani anaweza kufa kwanza. Zaidi ya miaka 200 iliyopita, Dominique Jean Larrey, daktari wa upasuaji katika jeshi la Napoleon wa Ufaransa, alitaka majeruhi aliye mahututi atibiwe kwanza, awe ofisa au askari wa kawaida. Kwa hiyo cheo chako kwenye bloku, kabila lako au nchi uliyotoka havikusogezi mbele.

Kwa watoto, Shirika la Afya Duniani lina makundi matatu. Wa dharura anatibiwa papo hapo: anayeshindwa kupumua, anayepata degedege, aliyepoteza fahamu, aliyekaukiwa sana maji kwa kuharisha. Wa kipaumbele anapelekwa mbele ya foleni: kwa mfano mtoto mchanga wa chini ya miezi 2, aliyekonda sana kwa utapiamlo, au ambaye viganja vyake vimekuwa vyeupe kwa kupungukiwa damu. Wengine wanasubiri zamu. Kituo chenye mganga mmoja na mashine moja ya oksijeni hakiwezi kufanya vingine. Kidonda cha mguu kitangoja saa mbili. Pumzi haingoji.

Sasa sikiliza hapa. Mtoto anayelia kwa nguvu anatuumiza masikio, lakini angalau ana pumzi ya kulia. Wa kuogopwa zaidi ni yule aliyenyamaza. Kichwa kimelegea begani, hanyonyi, ukimwita hageuki. Na mama yake, mara nyingi, ni mpole. Amekaa mwisho wa benchi kwa sababu hataki kuonekana anaruka foleni.

Mama, ruka foleni. Ikiwa mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila anachopewa, amepata degedege, au amelegea na haamki vizuri, nenda moja kwa moja kwa mhudumu. Vivyo hivyo mjamzito anayetoka damu, au anayeumwa sana kichwa huku macho yakiona ukungu. Ninyi mliokaa mbele, mpisheni.

Tena, mhudumu amemwangalia mgonjwa wako mara moja tu, asubuhi. Hali ikibadilika saa tano, yeye hajui mpaka umwambie. Namba uliyopewa siyo hukumu, rudi ukamwambie, "Amebadilika."

Na kama lugha yenu haielewani, usibaki kimya ukitafuta maneno. Mfunue mtoto nguo, mwonyeshe kifua kinavyobonyea chini ya mbavu kila anapovuta pumzi. Nesi ataelewa.