Samaki Waliokufa Ndani ya Dema: Maji ya Chini Yana Habari Yake

Mazungumzo kwa vikundi vya BMU na wakazi wa pwani



Mwaka 2002 wavuvi wa jimbo la Oregon, Marekani, walivuta mitego yao wakakuta kaa wamekufa ndani. Juu, bahari ilikuwa kama kawaida. Watafiti waliposhusha vipimo hadi karibu na sakafu ya bahari, walikuta oksijeni imepungua mno. Samaki aliye huru huweza kuhama. Kaa aliye mtegoni ataenda wapi? Mwaka 2006 hali ilikuwa mbaya zaidi, na mahali pengine oksijeni ilikwisha kabisa.

Chanzo ni upepo. Majira ya joto, upepo wa kaskazini husukuma maji ya juu mbali na pwani, na maji baridi ya kilindini hupanda kuchukua nafasi yake. Maji hayo hubeba rutuba, ndiyo maana samaki ni wengi. Lakini yana oksijeni kidogo na asidi zaidi. Vijimea vinavyostawi juu hufa, huzama, na vinapooza hula oksijeni iliyobaki chini.

Setilaiti haioni huko. Kupima kwake si kuchota ndoo pia. Chupa hushushwa zikiwa wazi pande zote mbili, kisha hufungwa kwenye kina kinachotakiwa. Zikifika melini, maji ya kupima oksijeni huchotwa kwanza, kabla hewa haijaingia, na dawa hutiwa papo hapo. Njia hiyo ya Winkler ni ya mwaka 1888, na mpaka leo hutumika kuhakiki vipimo vya umeme. Wavuvi wa Oregon nao sasa hufunga vipima oksijeni ndani ya mitego yao.

Pwani ya Kenya, msimu wa kaskazi, mkondo wa Somalia hukutana na ule unaotoka kusini, yote ikageukia bahari kuu, na rutuba hupanda kaskazini ya Malindi. Hiyo haina maana kwamba ya Oregon yamefika hapa. KMFRI ina meli ya utafiti, RV Mtafiti, lakini meli moja haiwezi kuwa kila mahali kila siku. Madema yako chini usiku na mchana.

Kwa hiyo dema likipanda na samaki waliokufa, wasiuzwe wala wasitupwe kimya kimya. Andika tarehe, mahali na kina kwa pima, kisha peleka habari ofisi ya BMU siku hiyo hiyo.