IKIWA, NA LA SIVYO: Mazungumzo kwa wanaojifunza lugha ya C

Ndugu mwanafunzi wa kompyuta, na wewe msomaji ambaye hukupata nafasi darasani,

Leo tuzungumze juu ya sharti. Katika lugha ya C sharti huandikwa kwa neno if, yaani "ikiwa". Neno else maana yake ni "la sivyo".

Mfano hauko mbali. Umeuona utepe wa rangi tatu ambao wahudumu wa afya huuzungusha kwenye mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Chini ya milimita 115 ni nyekundu: utapiamlo mkali. Kuanzia 115 hadi chini ya 125 ni njano: utapiamlo wa kadiri. Kuanzia 125 ni kijani. Tena, mtoto aliyevimba miguu yote miwili kwa utapiamlo, ukibonyeza kwa kidole pakabaki shimo, huhesabiwa kuwa katika hali mbaya hata kama utepe unaonyesha kijani.

Kwa C tunaandika hivi:

if (uvimbe == 1)
    printf("Nyekundu\n");
else if (mkono < 115)
    printf("Nyekundu\n");
else if (mkono < 125)
    printf("Njano\n");
else
    printf("Kijani\n");

Kompyuta huanza juu na kushuka. Ikikuta sharti lililo kweli, hufanya kazi ya sharti hilo na kuyaruka yaliyobaki. Kwa hiyo angalia mpangilio. Ukitanguliza mkono < 125 mbele ya mkono < 115, mtoto mwenye milimita 108 ataitwa njano, kwa kuwa 108 ni ndogo kuliko 125. Swali la 115 hatafikishwa. Programu itakwenda bila kulalamika, na mtoto anayehitaji matibabu ya haraka atapangwa foleni isiyo yake.

Angalia pia alama. Alama mbili, ==, huuliza: "Je, ni sawa?" Alama moja, =, haiulizi; inaweka 1 ndani ya uvimbe, na katika C kila namba isiyo sifuri huhesabiwa kuwa kweli. Hapo watoto wote watakuwa nyekundu, na walio wagonjwa hawatajulikana.

Kabla ya kuiamini programu yako, ipime mipakani. Kwa mtoto asiye na uvimbe, ingiza 114, 115, 124 na 125. Majibu yawe nyekundu, njano, njano, kijani. Kisha ingiza 130 pamoja na uvimbe: jibu liwe nyekundu. Kama zamu yako ya kompyuta haijafika, chukua kalamu na karatasi, ufuate mstari mmoja mmoja.

Mwisho, programu haichukui nafasi ya mhudumu. Ukiona mtoto amevimba miguu, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.