MISHIPA YA MIGUU ILIYOFURA
(Mazungumzo na vikundi vya akina mama, Meru na Embu)

Leo tuongee juu ya miguu. Mama huchuma majani chai tangu asubuhi, halafu anasimama tena kwenye kituo akingoja lori. Jioni miguu ni mizito, na mishipa imejitokeza kama mizizi ya mugumo. Mmoja atasema ni uzee, mwingine atasema amerogwa. Hapana.

Kushuka mguuni, damu haina shida. Kurudi moyoni ndiyo kazi, kama kupandisha maji mlimani. Ndani ya mishipa kuna vilango vinavyofunguka kuelekea juu tu, na misuli ya mguu ndiyo pampu. Ukitembea, inakamua. Ukisimama pahali pamoja, pampu imelala. Vilango vikilegea, damu hurudi chini na mshipa hutanuka. Uja uzito huongeza, unene pia. Basi hapo kwenye foleni, inua visigino na kushusha, mara nyingi. Atakayecheka acha acheke. Jioni lala chini, miguu juu ya mito, ipite kimo cha moyo. Kuiweka kwenye stuli haitoshi.

Ubaya wenyewe ni kidonda. Ngozi karibu na kifundo, upande wa ndani, hugeuka nyeusi na kuwasha. Ukijigonga na jembe kidogo tu, kidonda hukaa miezi, na pesa zinaishia kwa mafuta ya kila aina. Kinachosaidia ni bandeji ya kubana. Lakini msifungane wenyewe! Kwanza daktari apime kama damu inafika mguuni vizuri, hasa kwa mwenye kisukari, kwa maana inaweza kumharibu mguu.

Mshipa ukipasuka, usikimbie. Lala, inua mguu, bonyeza kwa kitambaa safi bila kuachilia mpaka damu ikome, kisha uende hospitali.

Na hili mlishike sana: mguu mmoja ukifura ghafla, ukauma na kuwa moto, hasa baada ya kujifungua au kupasuliwa, usikandwe. Huenda damu imeganda ndani, na donge likifika mapafuni mtu hufa. Usingoje siku ya soko. Enda Chogoria, Nkubu, Maua, Kyeni au Embu siku hiyo hiyo. Mweka hazina, pesa za gari ziwe kando tayari.