Darubini ya Mlinzi wa Shamba: Tununue Ipi?

Mazungumzo kwa vikundi vya wakulima, Migwani



Katika mkutano uliopita kijana mmoja aliniuliza swali, lakini mwenyekiti akafunga mkutano kwa sababu wingu lilikuwa limeshuka. Aliuliza hivi: "Mzee, ni darubini gani ya bei nafuu inayofaa kufungwa juu ya bunduki ndogo, ile ya risasi ya pointi tu-tu?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa maana nalijua shamba lao. Liko chini ya majabali, na msimu uliopita nyani walivuna mahindi kabla ya wenyewe. Mdogo wake alikosa shule karibu mwezi mzima, akikaa juu ya mwamba na debe la kupiga. Mtoto huyo yuko darasa la saba. Kwa hiyo swali lile lina haki ya kujibiwa.

Tuanze na bunduki ili tuiweke kando. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwezi wa Mei 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haikufungua mlango huo. Jirani zetu wa Tanzania bado wanatoa leseni za kuwinda, na ndiyo sababu utasikia mtu amerudi kutoka huko na hadithi. Huku kwetu hakuna. Hata nyani aliye katikati ya mahindi yako si wako kumwua. Mwenye kazi hiyo ni shirika la wanyamapori, yaani KWS. Na bunduki, iwe kubwa au ndogo, haishikwi bila cheti cha serikali.

Najua wazee watasema, Mkamba alikuwa mwindaji kabla ya serikali hiyo kuwako. Ni kweli. Uta wetu na mishale ya sumu ya ivai ilijulikana mbali, na misafara ya pembe ilitoka Kitui hadi Mombasa kwa miguu kabla ya reli. Kivoi wa Kitui alikuwa mkubwa katika biashara hiyo, na ni huko Kitui ambapo Krapf, yule mmisionari Mjerumani, aliuona mlima Kenya mnamo tarehe 3 Desemba 1849. Wakubwa huko Ulaya wakabisha kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Lakini Tsavo ilipofanywa mbuga ya taifa mwaka 1948, waliokuwa wakiwinda upande ule wakaitwa majangili, na katika miaka ya 1950 wengi wakatiwa ndani. Ziko familia zinazokumbuka. Sitaki kijana wetu aingie katika hesabu hiyo kwa ajili ya nyani.

Tena kuna jambo ambalo kijana hakulifikiria. Darubini ya bunduki imefungwa juu ya mtutu. Ukiitumia kutafuta nyani kwenye vichaka, kila unachokitazama umekielekezea bunduki: mama anayeteka maji, watoto wanaotoka shule, ng'ombe wa jirani. Na risasi ile mnayoiita ndogo huweza kwenda zaidi ya kilomita moja kabla ya kuanguka. Niambieni, hapa Migwani ni wapi utarusha kilomita moja usikute nyumba ya mtu?

Basi tuseme ukweli. Kijana hatafuti bunduki, anatafuta kumwona nyani mapema. Kwa kazi hiyo kinachofaa ni darubini ya macho mawili, ya kuvaa shingoni. Tena hiyo haiombi cheti.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo pesa hupotea. Kila darubini imeandikwa namba mbili, kwa mfano 8x30. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza: nyani aliye mita 800 utamwona kana kwamba yuko mita 100. Namba ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, na ndicho kinachokusanya mwanga. Watu wengi hukimbilia namba ya kwanza kubwa. Hilo ni kosa. Ikizidi 10, mkono ukitetemeka kidogo tu picha yote inaruka, na eneo unaloliona huwa dogo kama unachungulia kwenye tundu la ufunguo. Wakati unamtafuta mmoja, kundi zima limepita kando.

Gawanya namba ya pili kwa ya kwanza. Hilo ndilo duara la mwanga linaloingia jichoni mwako. 8x30 inakupa karibu milimita 4. 8x40 inakupa 5. Zile ndogo za mfukoni za 10x25 zinakupa 2 na nusu tu. Mchana haidhuru, kwa sababu mboni ya jicho imejifunga kwa jua. Lakini alfajiri na jioni mboni hufunguka, na darubini ya mfukoni itakuonyesha giza. Nyani nao hulala kwenye majabali na miti mirefu, kisha huteremka asubuhi kutafuta chakula. Kwa hiyo ushauri wangu ni 8x40 ikiwa pesa zinatosha, na 8x30 ikiwa hazitoshi. Ya 7x50 ni nzuri sana kwa mwanga lakini ni nzito; mtoto wa miaka kumi na tano ataichoka kabla ya chai ya saa nne.

Mimi mwenyewe niliumwa. Niliuza madebe mawili ya pojo, nikapanda gari mpaka Nairobi, nikanunua darubini dukani. Ilikuwa imeandikwa 30x60, vioo vyake vyekundu kama macho ya paka, na muuzaji akaniapia kwamba inaona hata usiku. Nilipofika nyumbani nikachukua rula ya mtoto nikapima kile kioo cha 60. Kilikuwa milimita 22! Namba zilikuwa za kupaka tu. Ule wekundu nao unaupunguza mwanga badala ya kuuongeza. Na hakuna darubini ya kawaida inayoona usiku, msidanganywe; kwa nungunungu wa usiku nunueni tochi. Mke wangu bado ananikumbusha zile pojo kila tunapopanda.

Kwa hiyo ukienda kununua, nenda na rula, na usinunue ndani ya duka lenye giza. Omba kutoka nje. Tazama kibao cha duka kilicho mbali, herufi ziwe wazi mpaka karibu na ukingo. Kisha shikilia hapo kwa dakika mbili tatu. Ukiona vitu viwili viwili, au kichwa kinaanza kuuma, vioo vya ndani vimekaa upande, irudishe hata kama ni ya bure. Itikise karibu na sikio; ikilia kama kibuyu cha mbegu, achana nayo. Zungusha gurudumu la katikati, lisiwe gumu wala lisilegee. Halafu ishike mbali na uso, uielekeze kwenye anga (siyo kwenye jua), uyaangalie yale maduara mawili ya mwanga upande wa macho. Yawe mviringo kamili. Yakiwa na pembe kama sanduku, vioo vya ndani ni vya bei ya chini. Bado itafaa, ila teremsha bei.

Wenye miwani wakunje mpira wa upande wa macho ndipo waone eneo lote.

Za mitumba pia zipo, na nyingine ni bora kuliko mpya za bei hiyo. Zile za Kirusi za zamani zilizoandikwa Tento, au za Jena za Ujerumani Mashariki, zilitengenezwa kwa chuma na zinadumu. Angalia ndani kwa kuipitishia mwanga wa tochi upande wa mbele. Ukiona kitu kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu imeota kwenye vioo, na kuifungua kutagharimu zaidi ya ulivyonunua.

Mama mmoja pale nyuma anatikisa kichwa. Najua swali lake: "Na ikishaonekana nyani, darubini itamfukuza?" Haimfukuzi, mama. Kazi yake ni kutupa muda. Leo kila boma linaweka mtoto wake shambani, watoto sita katika mashamba sita, na kila mmoja anawaona nyani wakiwa tayari wamevunja mahindi. Nyani akishaonja, ni vigumu kumtoa. Tukiweka mtu mzima mmoja juu ya ule mwamba, mwenye darubini na filimbi, atawaona wakiteremka majabali wakiwa bado mbali, na wanaume na mbwa wakawangoja ukingoni mwa shamba wakiwa na makombeo. Nasema wanaume makusudi. Nyani anajua kutofautisha; mtoto akimpigia kelele anamtazama tu na kuendelea kula. Sanamu la matambara nalo atalizoea upesi.

Kwa hiyo hesabu ni hii: darubini moja kwa mashamba sita, zamu ya watu wazima, kuanzia mahindi yanapoanza kukomaa mpaka yaingie ghalani. Wiki zile watoto waende shule. Kikundi cha chini ya majabali tayari kina shilingi 4,000 sandukuni, na wengine wameahidi kuongeza siku ya soko.

Kuitunza si kazi kubwa. Puliza vumbi kwanza, ndipo upanguse kwa kitambaa laini cha pamba. Vumbi letu hili ni mchanga, ukipangusa kabla ya kupuliza unakwaruza kioo. Usiitie kwenye mfuko wa nailoni ikiwa na unyevu. Na yeyote asitazame jua kwayo, hata kwa mzaha, hata nukta moja. Jicho halina duka la vipuri.

Itakaa kwa mweka hazina usiku, siyo kwa mwenye zamu. Yule kijana aliyeuliza ndiye tutakayekwenda naye kununua, na ndiye atashika zamu ya kwanza. Aje na rula, na kamba imara ya shingoni, kwa sababu zile zinazokuja nazo hukatika upesi.